Chini Hakuna

Nabwire mwanangu,

Mulembe, kama mnavyosalimiana kwenu. Usicheke. Najua bado nalitamka neno hilo kama mtu aliyejing'ata ulimi. Nakumbuka siku ya kwanza nilipolisema mbele ya darasa, ukaficha uso nyuma ya daftari huku mabega yakitikisika. Ndiyo siku pekee niliyokuona ukicheka, na nilikufokea. Kisamia chako sijajifunza mpaka leo, na Kidhopadhola changu wewe hukukijua, kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili, lugha iliyotukutanisha na iliyotukosanisha.

Barua hii haina bahasha kwa sababu sijui uko wapi. Nitatoa nakala niwape waendesha boda boda wa pale mpakani Busia, wa upande huu na wa upande ule, na wengine wataipiga picha na kuisambaza kwenye simu zao. Atakayeisoma kabla yako hajaiba kitu. Namwomba jambo moja tu: kama anamjua mwanamke wa miaka ishirini na mbili hivi, ambaye hata ndani ya chumba kitupu hutembea akifuata ukuta, amfikishie.

Nakuhitaji, Nabwire. Nakuhitaji kabla ya majuma mawili kwisha. Nitakwambia kwa nini, ila siwezi kuanzia hapo. Sina haki ya kukuomba kitu kabla sijasema nilichokufanyia.

Unakumbuka nilivyokuja shuleni kwenu? Nilitoka Nagongera na sanduku la bati na viatu vya kisigino, nikashuka kwenye boda boda katika matope ya Tiira, nikazama mpaka kwenye vifundo. Wachimbaji wa dhahabu walisimama kwenye midomo ya mashimo yao wakanitazama. Nilijiona malkia. Nilikuwa nimesoma miaka minne upande wa Kenya nikiishi kwa shangazi yangu muuza nyanya, na kwa sababu hiyo nilikuwa mwalimu pekee pale shuleni aliyeweza kusema "viatu vyangu vimechafuka" badala ya "kiatu yangu nachafuka". Kiswahili kilikuwa somo jipya huku Uganda, nikapewa mimi. Kichwa kikavimba. Ngeli zikawa dini yangu, na kila asiyezijua nilimwona mpagani.

Nikawapanga kwa akili. Benchi la mbele wakakaa wa kwanza mpaka wa sita, nyuma yao wa saba mpaka wa kumi na wawili, na kuendelea hivyo hivyo hadi benchi la mwisho, lililogusa ukuta wa nyuma. Benchi hilo nililiita Kenya. "Asiyesoma atavuka na magunia ya magendo," nilikuwa nikisema, na darasa zima lilicheka, hata wewe uliyekaa huko hukukasirika. Ulikuwa wa sabini na moja kati ya sabini na moja, na ulikuwa unarudia darasa la tano kwa mara ya tatu.

Kila nilipouliza swali, mikono ilipaa kabla sijamaliza kuuliza. Mimi, Madam! Mimi, Madam! Niliipenda sauti hiyo. Niliamini kwamba akili ni kujibu, na kwamba anayejibu upesi ndiye anayo nyingi. Wewe hukuinua mkono hata siku moja. Nikikuita, ulisimama, ukanitazama, ukanyamaza, na kimya chako kilikuwa na namna ya kunifanya nijisikie kwamba mimi ndiye ninayesubiriwa.

Kisha palikuwa na ule mwendo wako. Wenzako wakiingia darasani walikatiza katikati kama mbuzi waliofunguliwa. Wewe ulizunguka. Ulifuata ukuta wa mlango, ukuta wa madirisha, ukuta wa nyuma, mpaka Kenya. Na kila baada ya hatua chache ulisimama ukagonga sakafu kwa kisigino mara mbili, tuk, tuk, ukainamisha kichwa kidogo, ndipo ukaendelea. Uligonga kama mtu anayepiga hodi kwa jirani asiyemwamini.

Nilikuuliza kwa nini hupiti katikati.

"Katikati naitika, Madam."

"Panaitika," nilikurekebisha. "Mahali, pa. Panaitika."

"Ndiyo, Madam. Ardhi mzuri nanyamaza. Hii naitika."

"Ardhi nzuri hunyamaza," nikasema, nikaridhika, nikaendelea na somo. Sentensi mbili za maana kuliko zote nilizowahi kuambiwa na mwanafunzi, na nilichosikia ndani yake ni makosa ya upatanisho.

Wiki ile ile nilifundisha methali. Niliandika ubaoni: Debe tupu haliachi kuvuma. Nikauliza maana. Mikono ikapaa, na aliyekuwa wa kwanza darasani akasema kwamba mtu asiye na akili ndiye hupiga kelele nyingi. Nikampigia makofi. Halafu, sijui shetani gani alinituma, nikakuita wewe. Ulisimama. Uliangalia ubao, ukaangalia chini kwenye sakafu, ukaangalia ubao tena, na kwa mara ya kwanza niliona uso wako umefunguka kama wa mtu aliyepata neno alilokuwa analitafuta kwa muda mrefu.

"Madam, chini ya darasa iko debe."

Walicheka mpaka wengine wakaangukia meza. Nami nilicheka, Nabwire. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nikasema methali si kitu cha kuchukuliwa hivyo, methali ina maana ya ndani. Ukasema, polepole, "Ndiyo, Madam. Ya ndani." Ukakaa.

Ukaja mtihani wa insha. Kichwa kilikuwa "Darasa Letu". Daftari lako ninalo hapa mezani ninapoandika, kwa hiyo sikosei. Uliandika: *Darasa yetu iko mzuri. Iko na bati mpya. Iko na dirisha nne. Chini hakuna.* Basi, hapo ulimaliza. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: *Sentensi haijakamilika. Chini hakuna NINI?* Nikachora sifuri kubwa, na kwa sababu siku hiyo nilikuwa na hamu ya kuchekesha, sifuri hiyo nikaitia macho na mdomo.

Nilikusimamisha mbele ukaisoma. Nikakuuliza kwa sauti, ili wote wasikie: hakuna nini? Hakuna sakafu? Hakuna viatu? Hakuna panya? Ulisema, "Hakuna nini, Madam. Hakuna tu. Chini hakuna."

Toka siku hiyo jina lako likawa Hakuna. Nikisoma majina asubuhi, nikifika kwako, "Nabwire?" darasa zima liliitikia "Hakunaaa!" hali wewe umekaa pale pale, macho yako kwangu. Sikuwakemea kwa kukudhihaki. Niliwakemea kwa sarufi. Niliwaambia mtu haambiwi hakuna, mtu ni "hayupo".

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, kama saa nne, jua kali dirishani. Nilikuwa nimechoka na kuzunguka kwako. Nilikuita katikati, mbele ya benchi la kwanza, ili uone kwa miguu yako mwenyewe kwamba sakafu ni saruji na saruji ni saruji. Ulikuja. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ulikuja. Ulitembea kwa ncha za vidole, ukasimama mahali nilipokuonyesha, mikono umeitandaza kidogo kama unayevuka gogo juu ya maji.

"Ruka," nikasema. "Ruka mara tatu uone kama utakufa."

"Hapana, Madam."

"Unaogopa?"

"Mimi naweza kwenda upesi. Lakini wako watoto."

Ulimaanisha benchi la mbele. Walikuwa wamekaa kando yako, sita, na viatu vyao vilivyong'aa. Nilikuchapa. Nilikuchapa mbele yao, na hata ulipokuwa unachapwa hukuhamisha mguu, ulipokea kila fimbo bila kutingisha uzito wako. Kisha nikakufukuza, nikakwambia usirudi bila mzazi. Ulifuata ukuta hadi mlangoni, tuk, tuk, ukageuka.

"Mimi nakwenda, Madam. Lakini songesha hao."

Unajua nilikujibu nini? Najua unajua, ila acha niliandike kwa mkono wangu. Nilisema: "Si songesha. Wasogeze. Wasogeze hao."

Na sikuwasogeza.

Majuma matatu baadaye, Jumatatu asubuhi, mlinzi alikuja nyumbani kwangu kabla sijanywa chai. Hakusema kilichotokea, alisema tu, "Madam, njoo uone darasa." Chumba kilikuwa kimebomoka siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani. Sakafu ya mbele ilikuwa haipo. Ubao bado ulining'inia ukutani, na chini yake palikuwa na shimo jeusi, la mviringo kama lililochongwa, na upepo wa baridi ulikuwa unatoka ndani yake na kuja usoni. Upepo kutoka chini, Nabwire, na harufu ya udongo mbichi. Wachimbaji walikuwa wamefuata mshipa wa dhahabu kwa chini, miaka mingi nyuma, kutoka shimo lililosahaulika hadi chini ya miguu yetu. Benchi la kwanza, la pili na la tatu yalikuwa yamezama yote. Kenya ilikuwa imesimama palepale ukutani, bila mkwaruzo, na daftari lako ndani ya dawati.

Nilikuwa na kipande cha chaki mfukoni. Nikakitupa shimoni nisikie kina. Tulisimama tukisikiliza, mimi na mlinzi na watoto wa benchi la mbele waliokuwa wamejipanga nyuma yangu, wote sita wazima. Hatukukisikia kikitua. Tulingoja sana. Mwishowe mtoto mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Chini hakuna," na hapakuwa na aliyecheka.

Asubuhi hiyo niliita majina nje, uwanjani. Nilipofika kwako nikasita, lakini mdomo ulikuwa umeshazoea. "Nabwire?" Wakanyamaza wote sabini.

Nilikuja kwenu siku hiyo hiyo. Mama yako alikuwa amekaa chini anaponda mawe ya dhahabu, nyundo ikipanda na kushuka, na hakuacha kuponda aliponiona. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha. Akasema umevuka. Nikauliza umevukia wapi. Akasema, "Kenya," na nilihisi uso wangu unawaka, maana sikujua kama anajua jina la lile benchi. Kisha akaniambia mambo yako. Kwamba ulipokuwa mgongoni mwake ukinyonya kidole, baba yako alikuwa akigonga ukuta wa shimo kwa mpini kabla ya kushuka, na ukilia hakushuka. Kwamba siku aliyokuacha nyumbani ukiwa na homa, akashuka bila wewe, ndiyo siku hakupanda tena. Alisema haya yote bila kuinua macho.

"Wewe Madam nataka yeye ajibu," alisema mwishoni. "Yeye kazi yake ni kusikia."

Sikumrekebisha.

Watu husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na sisi shuleni, Nabwire, tunawanyoa wote vipara kila mwanzo wa muhula. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikiwa nimesimama langoni na mkasi. Lakini sitaki ufikiri nimegeuka mwalimu wa kusema kusoma ni bure. Hapana. Kama ungejua kuandika sentensi yako ikawa ripoti, ikapigwa muhuri, ningeiogopa. Nilikuwa na kazi ya kukupa maneno ya kulibeba lile ulilolisikia, na badala yake nilikupokonya hata yale mawili uliyokuwa nayo. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na ni ya kazi yangu hasa, ya mtu mwenye chaki mkononi.

Shimo walilijaza murramu, ule udongo mwekundu wa barabara. Lori baada ya lori, siku tano. Wazee waliokuwa wakitazama walisema lori tatu za mwanzo zilimwagwa na hazikuonekana. Juu yake wakajenga darasa jipya, zuri, lenye vigae vyekundu. Mimi sikuhama. Nilikataa uhamisho mara mbili, na walioniuliza sababu niliwajibu kwamba nimeizoea Tiira. Ukweli ni kwamba kwa miaka tisa, kila asubuhi kabla watoto hawajaja, nimefunga mlango, nikapiga magoti, nikaweka sikio sakafuni. Nikagonga kwa kisigino mara mbili kama wewe. Nikasikiliza mpaka shingo ikauma. Sisikii kitu, Nabwire. Sijawahi kusikia kitu. Katika somo hilo mimi ni wa sabini na moja.

Sasa sikiliza kwa nini nakuhitaji.

Muhula huu nimepata mtoto anayeitwa Taaka. Ulipoondoka alikuwa bado ananyonya, na wazazi wake wamehamia hapa juzijuzi kutoka ng'ambo ya Tororo, hawajui habari zako, wala hakuna aliyewasimulia. Siku ya kwanza aliingia darasani akasimama mlangoni. Wenzake wakakatiza katikati. Yeye akageuka kushoto, akafuata ukuta. Nilikuwa naandika tarehe ubaoni, chaki ikanivunjika mkononi, kipande kikaanguka kwenye vigae. Kikabingirika. Kilibingirika polepole, peke yake, kikapita chini ya madawati kikiwa kimenyooka kana kwamba kinaitwa, kikasimama katikati ya chumba. Nikakiokota, nikakiangusha mlangoni. Kikaenda palepale.

Nilijitia hamnazo kwa siku nne. Ya tano nilimkuta Taaka amelala kifudifudi kando ya ukuta wakati wa mapumziko, wenzake wakila madawatini, sikio kwenye kigae, macho wazi. Nikachuchumaa karibu naye. Nilikuwa nimeapa kwamba sitauliza swali lolote, na nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni kazi ngumu kuliko kulima.

Baada ya muda mrefu alisema, bila kunitazama, "Madam, chini hakuna."

Maneno yale yale. Hayakupungua wala kuongezeka. Niliwatoa watoto wote saa ile ile, sitini na tisa, wakafuata ukuta mmoja mmoja, na toka siku hiyo tunasomea kwenye kivuli cha ukuta wa jiko la shule, moshi ukituingia machoni.

Mkuu wetu wa shule si mtu mbaya. Ni mtu wa karatasi. Alikuja jikoni akasimama mbele ya watoto, akaniuliza, "Madam, una ripoti ya injinia, au una ripoti ya mtoto wa sitini na tisa?" Ndiyo, Taaka ndiye wa mwisho. Sikuwapanga mimi, siku hizi sipangi, lakini karatasi za matokeo hupanga zenyewe. Nikamwambia nina ya mtoto. Akanipa barua ya onyo. Mtihani wa majaribio utafanyika katika chumba kile, alisema, ndicho kikubwa kuliko vyote, na watoto wa shule mbili za jirani watakuja kufanyia humo. Wote pamoja, kwa siku moja, miguu karibu mia nne juu ya vigae vile. Siku hiyo ni majuma mawili kutoka leo.

Wewe uliniambia Ijumaa, na chumba kikasubiri majuma matatu. Taaka ameniambia juma moja lililopita. Moja na mawili ni matatu, hesabu hiyo naijua hata bila kidato.

Nilirudi kwa mama yako. Bado anaponda mawe. Anasema uko kwenye machimbo ya upande wa Kenya, na wachimbaji hawashuki kabla hujatembea juu ya shimo, na hulipwa wewe kwanza kabla ya mwenye shimo. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Lakini kila niliyemuuliza alisema amesikia habari za mwanamke huyo kutoka kwa mtu mwingine, na mtu huyo naye alisikia, na sijampata hata mmoja aliyekuona kwa macho yake. Mama yako akanipa namba ya simu iliyoandikwa kwenye ganda la sigara. Nikamwuliza, "Huwa anakuambia nini ukimpigia?" Akasema, "Haongei. Lakini najua ni yeye."

Nilipiga Jumatano mchana, nikiwa nimesimama peke yangu katikati ya uwanja wa mpira wa pete. Simu ilipokelewa.

"Nabwire?"

Kimya. Hakikuwa kimya cha mtandao mbovu. Ilikuwa sauti ya mahali penye nafasi kubwa, na baridi yake niliisikia sikioni, naapa, kama ule upepo wa lile shimo. Halafu karibu kabisa na sikio langu:

Tuk, tuk.

Na mimi, badala ya kutulia, nikafunguka kama bomba lililopasuka. Ni mimi Madam wako wa darasa la tano, nisamehe, sikiliza, kuna mtoto, kuna mtihani, uko wapi, uko salama, nitakutumia nauli, rudi, sema basi, sema hata neno moja! Nilivuma, nikavuma. Nilipovuta pumzi, simu ilikuwa imekatika. Toka siku hiyo inalia bila kupokelewa.

Ilinichukua mpaka usiku wa siku hiyo, na kitanda kimenishinda, kuelewa kwamba ulikuwa unanipima. Ulinigonga kama unavyogonga sakafu. Na mimi niliitika.

Nimekuandikia kwa sababu nilitaka pia ujue lililotokea jana. Mkuu alikuja kunionyesha kwamba sakafu ni imara. Alifungua mlango wa darasa, akatuita mimi na watoto tusimame nje tutazame, akaenda hadi katikati kwa viatu vyake vizito. "Sikilizeni," alisema. Akapiga mguu chini mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Kisha akasimama, mikono kiunoni, akatabasamu.

Mlio wa nne ulikuja yeye akiwa ametulia.

Niliusikia, Nabwire. Mimi. Ulitoka chini, mzito, umechelewa kidogo, kama mtu aliyekuwa anahesabu pamoja naye halafu akapitiwa. "Nne," alisema Taaka.

"Tatu," akasema Mkuu, lakini tabasamu lilikuwa limemtoka. Aliangalia miguu yake. Aliangalia mlango, ambao ghafla ulikuwa mbali. Kisha, bila kutuangalia usoni, alijisogeza kando hatua kwa hatua mpaka mkono wake ukagusa ukuta, akaufuata hadi nje.

Alipofika kwenye majani alitoa kitambaa akajifuta shingo. Nikadhani ameamini. Na ameamini, nakuhakikishia, maana leo amepita mbali na darasa lile. Lakini ofisini aliniambia, "Nitawaandikia wakubwa nini, Madam? Kwamba sakafu nahesabu? Niletee mtu anayejua hiyo kitu, asimame mbele yao aseme. Bila hivyo, mtihani ni pale pale."

Mtu anayejua. Ndivyo alivyosema, na mimi nikasema yupo. Nilitamka vizuri kabisa. Yupo.

Basi njoo, mwanangu. Taaka ana miaka kumi, hawatamsikiliza, na mimi nimesikia mara moja tu katika maisha yangu na sitoshi. Hutahitaji kusema Kiswahili changu. Utasema maneno yako mawili, vilevile ulivyoyaandika, nami nitasimama kando yako na kuyaandika kwenye karatasi ya muhuri bila kubadilisha herufi. Kama hutaki kuniona, nitakaa jikoni siku hiyo. Na ukikataa kuja, mimi nitakaa mlangoni pa darasa lile asubuhi ya mtihani, mikono nimeitandaza, wanifukuze wakinifukuza. Ila ningependa kujua kwamba hatari ninayoizibia mlango ni ya kweli.

Simu ninayo mfukoni, imejaa chaji. Piga saa yoyote. Usiseme kitu. Gonga mara mbili, kama ulivyogonga.

Safari hii nitanyamaza.

Ni mimi, mwalimu wako,
niliyekupa sifuri.